Maji Yanayopanda

Rukia alipowasha kompyuta asubuhi ile, maji yake yalikuwa yamegeuzwa tena.

Siyo kwamba yalikuwa yameharibika. Yalikuwa yanawaka vizuri tu, bluu yenye ukijani kama alivyoyaacha, yanafifia kidogo halafu yanawaka tena, kama kitu kinachopumua. Lakini badala ya kukimbilia kulia, kwenye mashamba ya bondeni, yalikuwa yanakimbilia kushoto, yanarudi banioni, pale yanapochepushwa kutoka mtoni. Akafungua materiali, lile vazi la rangi na mwendo linalovishwa maji, akapekua viboksi vyake kimoja kimoja. Kwenye kiboksi cha mwendo, mbele ya namba, mtu kaweka alama ya kutoa. Kialama kidogo, kama kope iliyodondoka.

Akakifuta. Maji yakageuka, yakaelekea bondeni. Rukia akatazama mlangoni kama kuna mtu anamchungulia.

"Glory tu," akasema moyoni. "Nani mwingine?"

Na kweli, mwingine hakuwepo. Maabara ya shule ina kompyuta nyingi, ila yenye nguvu ya kubeba injini ya gemu, ile programu ya kuijengea, ni ile moja ya chini ya dirisha, na wanaoigusa ni wao wawili. Rukia anaingia asubuhi kabla ya paredi, Glory anaingia jioni baada ya usafi. Mwalimu Aron, mlezi wa klabu ya kompyuta, ndiye aliyewapangia. Akawaambia hii ni zamu kama zamu ya maji ya shambani, kila mtu aheshimu ya mwenzake.

Gemu yao inaitwa Mfereji. Ndani yake kuna msichana anayefuata maji gizani, kutoka banio kule juu mpaka shambani kwao, na kwa kuwa hana taa, maji yenyewe ndiyo taa yake. Glory alijenga milima, matuta na nyumba. Mfereji na maji ni kazi ya Rukia, na alihangaika nayo muhula mzima. Kwenye injini, kitu kikiwa hakijavishwa materiali ni cha kijivu tu, kama nyumba ambayo haijapigwa lipu. Rukia akaenda shambani na simu ya mama yake, akapiga picha jani la kabichi, mishipa yake yote inaonekana. Akaigeuza nyeusi na nyeupe, akaitandaza juu ya maji, akaiambia injini iiteleze bila kusimama. Penye mishipa pawake kutokea ndani, pengine pabaki giza. Halafu akaunganisha na kiboksi cha muda, mwanga uwe unapanda na kushuka. Siku ilipokubali kwa mara ya kwanza alijiziba mdomo na mtandio asije akapiga kelele.

Maana Rukia na kelele ni vitu viwili tofauti. Darasani akiitwa jina anaitika kwa chini mpaka anaandikwa hayupo. Gemu ingeonyeshwa ukumbini siku ya wazazi, ukutani, kubwa, na baba yake angekuwa amekaa pale. Kwa mara ya kwanza watu wangeona kitu kilichomo kichwani mwake bila yeye kufungua mdomo. Sasa fikiria wazazi wote wa bondeni wanaangalia, halafu maji yanakimbia kurudi kwa watu wa juu!

Glory ni mtu wa juu. Kwao ni hatua chache tu kutoka banioni, pale mfereji unapoanzia mtoni. Na nyumbani kwa kina Rukia, kule chini kabisa mfereji unapoishia, watu wa juu wanajulikana.

"Wale?" baba yake husema akimega ugali. "Wale ukiwapa zamu ya asubuhi, jioni mto umekauka."

Mzee Sharifu, baba yake, hagombani na mtu. Ana dawa yake. Jioni ya kuamkia zamu yao anapanda mpaka banioni, analaza jani la nyasi chini ya lile jiwe linalozibia maji, ncha ikitazama bondeni. Asubuhi anarudi kuangalia. Jani likiwa limedondoka, au ncha imetazama kwingine, basi jiwe limenyanyuliwa. "Mimi simuulizi mtu," anasema. "Nauliza jani." Na kila mara anarudi amenuna.

Kwa hiyo Rukia akafanya kama baba yake. Alitengeneza jani dogo, jembamba, akalilaza chini ya jiwe la banio la kwenye gemu, ncha ikitazama bondeni. Akahifadhi kazi, akafunga, akaenda paredi. Siku nzima hakusikia hata alichofundishwa. Mchana walipokutana kwenye foleni ya makande, Glory akamkonyeza.

"Rukia wewe, maji yako yana kichaa, unajua?"

Akacheka, akapita na sahani yake. Rukia akamkata jicho, akabaki amesimama. Yaani anamharibia kazi, halafu anamcheka!

Kesho yake jani lilikuwepo. Lilikuwa chini ya jiwe palepale, ila ncha ilikuwa inatazama juu. Na maji yamegeuzwa.

 Angelikuta limedondoka angesema labda bahati mbaya. Lakini mtu kanyanyua jiwe, kaona jani, kalirudisha palepale asijulikane. Anayefanya hivyo anajua anachokifanya.

Jioni klabu ilipokutana, Mwalimu Aron akauliza kama Mfereji iko tayari. Glory akajibu, "Bado kidogo tu, mwalimu." Hapo Rukia akasimama. Hata yeye hakujua nani ameipa miguu ruhusa.

"Mwalimu, Glory anaiba maji yangu."

Darasa zima likageuka. Heri, yule anayekaa nyuma na ambaye hajawahi kuacha neno lipite, akasema, "Eh! Kumbe bubu anaongea! Mwiteni mwenyekiti wa mfereji jamani, kesi imefika mjini!" Wakacheka mpaka Mwalimu Aron akagonga meza.

"Anaiba vipi? Elezea."

"Anayageuza. Kila zamu yake. Yanarudi kwao." Sauti ikaanza kukatika. "Nimeweka jani. Kalinyanyua, halafu kalirudisha."

Glory alikuwa amefungua mdomo. "Mimi? Nimegeuza, ndiyo, kwa sababu yalikuwa yanapanda mlima! Wewe umeona wapi maji yanapanda mlima?"

"Ule mfereji unapanda!"

"Haupandi!"

"Unapanda! Naamka nauona kila siku!"

"Na mimi naamka juu yake, Rukia! Nachota maji humo humo ya kuogea!"

Mwalimu Aron akawasikiliza kidogo, kisha akainua mkono. "Basi. Sikilizeni, mimi sitaki vita vya maji mbele ya wazazi. Jumatatu nikikuta bado mnagombana, naitoa Mfereji, tunaonyesha gemu ya Heri ya bodaboda."

"Ipo tayari, mwalimu!" Heri akadakia.

Rukia alitembea kwenda nyumbani bila kugeuka nyuma.

Jumapili mchana alikuwa uani anapanga karoti kwenye matenga ya kupeleka sokoni Soni, akasikia sauti ya mama yake ikikaribisha mtu. Kuinua uso, Glory huyu hapa, bado amevaa gauni la kanisani, viatu kavishika mkononi vimejaa tope.

"Shikamoo baba," Glory akamwamkia Mzee Sharifu aliyekuwa anafunga matenga.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Mzee Danieli. Wa kule juu."

"Ahaa," alisema Mzee Sharifu, akakaza kamba mpaka tenga likalia. "Wa kule juu."

Glory akamsogelea Rukia, akaongea kwa chini. "Nimekuja unionyeshe. Huo mfereji wako unaopanda."

 Rukia alinyoosha kidole ng'ambo ya bonde. Kwenye ubavu wa mlima wa pili barabara ya vumbi ilikuwa inateremka kwa kasi, kushoto kwenda kulia, na juu yake kidogo, mstari wa kijani wa mfereji. Ukianzia kushoto, mstari na barabara karibu vinagusana. Ukifuata kwenda kulia, mstari unaiacha barabara chini, unapaa, unapaa, unapotelea kwenye migomba kule karibu na kona.

Glory akatazama. Akainamisha kichwa upande, akatazama tena. Akaweka viatu chini.

"Mungu wangu! Unapanda!"

"Si nilikuambia?"

"Lakini haupandi, Rukia. Haiwezekani." Alikuwa kama mtu aliyeambiwa jina lake siyo lake. "Twende. Twende sasa hivi uuone kwa karibu."

Rukia aliuona mtego. Anampeleka kwao ili iweje? Akamwangalia baba yake, na baba yake akamwangalia yeye kwa jicho la kusema fungua macho huko uendako. Akaenda.

Walipita darajani, wakapanda njia ya mkato mpaka banioni. Rukia hakuwahi kufika pale. Ilikuwa kazi ya baba, na wasichana hawatumwi kwenye zamu ya maji. Akachuma jani la nyasi, akaliweka kwenye mfereji, wakaanza kulifuata kwa miguu, mmoja mbele mmoja nyuma kwenye ukingo. Jani halikusimama. Liliteleza taratibu, kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi asiyetaka kumwamsha mtoto. Pembeni yao barabara ilikuwa inaporomoka kwenda chini, ikiuacha mfereji. Rukia akaitazama barabara, akautazama mfereji.

Mfereji ulikuwa unashuka. Ulikuwa unashuka pole pole tu. Barabara ndiyo ilikuwa na haraka, na ukisimama mbali, anayeshuka pole pole anaonekana kama anapanda.

"Nimeujenga kama ninavyouona," Rukia akasema. Ilikuwa kama anajisemea.

"Na mimi nikaona maji yanapanda kilima, nikasema huyu kachanganya alama, ngoja nimsaidie." Glory akakuna shingo. "Nikakuta umerudisha. Nikasema basi hajaona, nikaweka tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe unaambiwa? Nilikuambia maji yako yana kichaa, ukanikata jicho."

"Na jani?"

"Jani gani? Lile? Nilinyanyua jiwe nione materiali inaanzia wapi, likadondoka. Nikalirudisha. Nilidhani ni pambo."

Rukia akalitafuta lile la majini. Lilikuwa limefika mbali, limeshaingia kwenye migomba, linaelekea kwao.

Jumatatu, Mwalimu Aron aliwaruhusu wakae pamoja kwenye ile kompyuta. Alama ya kutoa ikafutwa. Rukia akashika ncha ya mfereji wa bondeni, akaishusha, siyo sana, kiasi cha jani kuteleza. Maji yakakimbia kulia, yakashuka, mwanga wa mishipa ya kabichi ukipita juu ya matuta ya Glory. Palipokuwa na jiwe la banio, ule mwanga ukapita chini ya jani na kulifanya ling'ae ukingoni.

"Hilo nilitoe?" Glory akauliza.

"Liache. Linapendeza."

Siku ya wazazi mapazia ya ukumbi yalifungwa, na Mfereji ikatupwa ukutani.  Maji yaliwaka toka ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule, yakapumua, na kina mama wa mbele wakasema, "Tobaa!" Rukia alikuwa amejificha nyuma ya mgongo wa Glory. Alikuwa anamwangalia mtu mmoja tu.

Mzee Sharifu akainuka kwenye kiti.

"Rukia."

"Abee baba."

"Lile jani pale jiweni, ni la nini?"

Kabla hajajibu, kiti kingine kikalia upande wa pili. Mzee Danieli, baba yake Glory, alikuwa amesimama naye.

"Hata mimi niulize, mwanangu. Maana kila tukisafisha banio tunalikuta jani kama hilo hilo, limelazwa vivyo hivyo. Mama Glory alishataka mchungaji aje aliombee."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee Sharifu hakucheka.

"Kwa hiyo mnanyanyua jiwe."

"Tunasafisha taka, ndugu yangu! Zikijaa hata wewe hupati maji. Tukimaliza tunalirudisha na jani lako. Nani anataka kukaa na kitu cha mtu?"

"Mnalirudisha limetazama wapi?"

Mzee Danieli akababaika. Nani anakumbuka jani limetazama wapi?

"Juu, baba," alisema Rukia. Sauti yake ilitoka ikafika mpaka mlangoni, hata Heri akageuka. "Wanalirudisha ncha imetazama juu. Hawajui. Wanadhani ni jani tu."

Mzee Sharifu akasimama pale muda mrefu, bluu ya maji ikimpita usoni. Ungeona anahesabu asubuhi zote alizorudi amenuna. Mwishowe akakaa, pole pole, na Mzee Danieli naye akakaa, na katikati yao watu wakapumua.

Gemu ikaendelea. Msichana wa ukutani alifuata maji yake, akashuka nayo mpaka shambani. Ndipo Mzee Sharifu akamwinamia jirani yake wa bondeni, akaongea kwa ile sauti anayodhani ni ya kunong'ona.

"Kazi nzuri. Lakini si unaona? Mfereji wetu unapanda. Hawa wa juu wameuteremsha."

Glory akajiziba mdomo. Rukia akamvuta mkono.

"Jumapili," akamwambia, "tunampeleka na huyu."