Kadi ya Arlette

Kwa miezi minne nilimfundisha msichana kugeuka akiitwa jina lisilo lake. Nilisimama nyuma yake uwanjani, mpira mkononi, nikapaza sauti: "Arlette!" Mwanzoni hakugeuka, na mpira ukampiga mgongoni. Wenzake wakacheka. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa sijamaliza kulitamka na mikono yake tayari iko juu. Nilijisifu kwa hilo. Hadi leo, katika mazoezi ya kawaida ya mchana, nikiita mchezaji mwingine kabisa, machoni pangu wa kwanza kugeuka huwa ni yeye.

Jina lake lilikuwa Émérence. Hakuwa mwanafunzi wa chuo chetu wala wa chuo chochote. Alimsaidia mama yake kuuza samaki wa Kapolowe sokoni Likasi, na Jumapili baada ya misa alicheza voliboli pekupeku kwenye kiwanja cha parokia. Nilimwona akiruka mara moja tu, nikajua. Arlette wa kweli, mshambuliaji wetu, alikuwa ameolewa akahamia Kolwezi, akaacha kadi yake ya chuo ndani ya faili langu. Picha ya kadi ilikuwa imefifia kiasi cha kufanana na msichana yeyote. Sikuwa jambazi. Nilikuwa kocha aliyeshindwa misimu sita mfululizo, na hali hiyo humfikisha mtu pabaya.

Wasichana wa timu walijua, wakaapa kunyamaza. Directeur Barnabé, mkuu wa chuo, hakujua. Alitia sahihi orodha ya wachezaji bila kuisoma, akaniambia safari hii nisirudi mikono mitupu.

Tulikaa Lubumbashi siku tatu kwenye mashindano. Fainali sitaisimulia yote, maana nikianza huwa natabasamu, na sistahili. Seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu, pasi ikapaa juu mno na nyuma mno, na Émérence akaufuata mpira ule akaupiga kwa mkono wa kushoto, mkono ambao sikuwahi kumwona akiutumia. Tukawa mabingwa wa vyuo vya jimbo, tukatwaa kombe. Kwenye basi la kurudi alilala huku ameiuma medali.

Kesho yake redio ya mjini ilisoma majina ya mabingwa. Mama yake alikuwa amewaita majirani waje wasikie, akaiweka redio juu ya kiti nje ya mlango. Yakasomwa majina kumi na mawili, na la binti yake halikuwemo. Majirani walicheka kidogo, kisha wakaanza kuulizana huyo binti alikuwa Lubumbashi siku tatu na nani.

Émérence alinifuata uwanjani wiki hiyo hiyo.

"Coach, bantu ba ku avenue yetu banasema nilifwata banaume. Mama naye anaanza kuamini. Kuya umwambie. Yee peke yake."

"Vumilia, saison iishe kwanza. Bakijua, batatunyanganya coupe, na minye batanifukuza."

"Mama hataambia muntu."

"Vumilia, nimesema."

Akavumilia. Akavumilia Aprili yote na Mei yote. Juni akashikwa na homa ya matumbo, na siku ya kumi akafa. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wachezaji wote waliomba ruhusa ya kwenda kumzika. Directeur Barnabé alidhani marehemu alikuwa shabiki wetu, akaona ni vizuri chuo kionekane, akaja nami. Tuliporudi kutoka makaburini tukanawa mikono mlangoni, tukaketi uani kwenye viti vya plastiki. Ndipo mama yake akainuka mkekani, akaja kusimama mbele yangu. Watu wote uani wakatugeukia.

"Coach, siko naomba mingi. Mutoto wangu alinambia asema alicheza mu équipe yenu. Ni kweli ao ni bongo?"

Directeur alikuwa kulia kwangu, goti lake likigusa langu. Nilifikiria kombe, nikafikiria kazi yangu, nikafikiria hata wale wasichana kumi na mmoja na medali zao, ili nijione mtu mwema.

"Mama, alikuwaka anakuya ku terrain kutuangalia," nilisema. "Alipenda sana volley."

Nilisema kwa upole, kama mtu anayefariji. Upole ule ndio ninaouchukia kuliko uwongo wenyewe. Mama akatikisa kichwa polepole, akarudi mkekani. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliguna.

Baada ya hapo nilishinda mara nne zaidi, na wachezaji halali, Mungu ni shahidi wangu. Makocha vijana huja kuniuliza siri yangu. Nawaambia nidhamu.

Ilipita miaka minane. Februari mwaka huu nilipanda gari hadi Kapolowe, alikohamia mama yake. Huko bado wanamwita Mama Émérence, na kwa jina hilo nilionyeshwa nyumba. Alikuwa akipara magamba ya samaki. Nikaketi, nikamweleza yote, kadi, jina, mkono wa kushoto, na yale aliyoniomba binti yake. Kisu chake hakikusimama hata kidogo.

"Nilijuaka," alisema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Siku ya maziko. Sanduku ikiwa inashuka, babinti bako balilia 'Arlette, Arlette'. Na ile jina nilisikiaka mu radio. Njo nilielewa."

Aliponiuliza pale uani, basi, alikuwa anajua.

"Sasa, mama, juu ya nini uliniuliza?"

"Ili bantu basikie."

Nilitamani anitukane. Nikamwomba aniambie la kufanya. Akamweka samaki kwenye beseni, akachukua mwingine.

"Hapa kuko minye tu, coach. Bale bantu beko Likasi."

Kisha akanitajia, mmoja mmoja, waliokuwa uani siku ile na ambao bado wako hai. Wengi wamekufa au wamehama. Walibaki saba.

Nimekwenda kwa sita. Nagonga mlango, nasalimu, nasema: mutoto ya Mama Émérence alicheza, yee njo alitupatia coupe, ni minye nilisema bongo. Mmoja alinipa kiti, akalia. Mwingine alinifungia mlango usoni. Mzee mmoja hakumkumbuka kabisa, ikabidi nimweleze mara mbili.

Wa saba ni Directeur Barnabé. Ofisi yake inatazama uwanja. Kila mchana tukianza mazoezi hufungua dirisha na kunipungia mkono, nami humpungia.