Mbwa Mwenye Meno ya Vifungo

Bi Sindano alikuwa mwoga wa mbwa, na wala hakuuficha woga wake. Wapo watu wanaoogopa mbwa huku wakijidai hawapendi tu harufu yake, au kwamba walikuwa na safari ya njia nyingine hata hivyo. Yeye hakuwa na hayo. Akimwona mbwa upande huu wa barabara, alivuka. Akimwona mwingine upande wa pili, alirudi nyumbani, na mteja aliyekuwa akingojea suruali yake avumilie hadi kesho. Ukimcheka, alikujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha akaendelea kukupima kiuno kana kwamba hukusema kitu.

Sasa Mungu naye ana mizaha yake. Mwanamke huyohuyo alijaliwa watoto watatu, na yule wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda hata alipokuwa mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, alikua akiokota kila kilichotambaa kwa miguu minne. Aliokota paka, akaokota sungura mwenye sikio moja, akaficha kitoto cha mbwa chini ya cherehani mpaka kikabweka, na siku hiyo mama mtu alishonea juu ya meza, miguu na viatu vyote. Kitinda alisomea tiba ya wanyama. Alipomaliza, watu walitegemea atafute kazi ya maana kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe. Akaenda kwenye kituo cha hisani nyuma ya karakana ya mbao, kinachotunza mbwa na paka waliotupwa na wenyewe.

Kituo hicho hakikuwa na mfadhili mnene. Kiliishi kwa haba na haba. Mwenye bucha alitoa mifupa, wa karakana alitoa maranda ya kutandika sakafuni, na Bi Sindano, msiniulize moyo wa mama umeumbwaje, alitoa magodoro. Hakutupa kipande hata kimoja cha kitambaa. Vilivyokatwa kwenye mikono ya makoti, vilivyobaki kwenye pindo za suruali, vyote aliviingiza kwenye mifuko ya turubai, akaishindilia na kuipiga mishono mirefu kama anamshonea mkwe. Kila wiki alibeba magodoro mawili matatu hadi kituoni. Aliyaweka nje ya geti, akabisha mara moja, akaondoka kabla geti halijaitika.

Ndani hakuwahi kuingia. Mara ya kwanza kituo kilipofanya siku ya wageni, Kitinda alimwomba aje, naye akavaa vizuri, akafika getini, akasikia mbwa wanavyobweka, akarudi na hadithi ndefu kuhusu goti. Mwaka uliofuata alifika hadi kushika komeo. Goti lile lile likamrudisha. Baada ya hapo Kitinda hakumwomba tena. Hakununa, hakulaumu, kila jioni alipita kumsalimia na kumtania kama kawaida. Aliacha tu kuomba, na hilo lilimuuma mama kuliko lawama yoyote.

Mwaka huu habari ilikuwa nzito. Daktari mzee aliyeanzisha kituo alikuwa ameamua kupumzika, na siku ya wageni ndiyo ambayo angemkabidhi Kitinda funguo mbele ya watu. Kitinda aliyasema haya wakiwa mezani, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba huenda mvua ikanyesha. Bi Sindano alingoja neno lifuatalo. Halikuja. Badala yake Kitinda alimwomba amshonee mbwa wa kitambaa, mkubwa kama mtoto wa shule, maana kituo kilitaka kuanza kuwafundisha watoto namna ya kuwa salama mbele ya mbwa, na somo la kwanza lingekuwa siku hiyohiyo.

"Nitamshona," alisema Bi Sindano, na akatafuna chakula ambacho hakikuwa na ladha tena.

Alimshona kwa mapenzi yote ambayo hakujua ayapeleke wapi. Mwili ulikuwa wa blanketi la kahawia, masikio ya bitana ya koti, na pua ya ngozi aliyoomba kwa Fundi Kisigino, mshona viatu aliyechangia naye baraza. Fundi Kisigino alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko misumari, akadai kwa kuwa ametoa pua basi mbwa huyo ni nusu wake. Kasheshe ikawa mdomo. Bi Sindano hakuwa amewahi kumtazama mbwa vizuri. Mbwa wengi maishani alikuwa amewapa kisogo. Akafikiri juu ya watoto watakaomwona huyu, akaamua wasipate hofu aliyoipata yeye. Akauchana mdomo kutoka sikio hadi sikio, akaujaza vifungo vyeupe vya mashati, juu safu na chini safu, vikang'aa.

Kitinda alipokuja kumchukua alisimama mlangoni muda mrefu.

"Mama, huyu anafanya nini?"

"Anacheka. Sitaki watoto wamwogope."

Kitinda alikaa kwenye benchi la wateja, akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi Kisigino naye akacheka, ingawa hakujua kinachochekesha, kwa sababu kicheko hakimpiti mtu wa baraza. Kisha Kitinda akafuta macho, akamshika mama yake mkono wenye alama za chaki.

"Mbwa akikutolea meno yote namna hii hachekelei, Mama. Anakuambia ondoka."

Bi Sindano akamtazama mbwa wa kitambaa mdomoni. Alikumbuka alipokuwa msichana mdogo aliyetumwa dukani. Mbwa alikuwa amelala mlangoni na mfupa wake, naye akainama amsalimie. Mbwa akatoa meno. Mtoto akaona kicheko, akacheka naye, akanyoosha mkono. Alipokimbia ndipo alipoumwa, akabaki na kovu kwenye shavu la mguu. Tangu hapo aliamini kwamba mbwa ni mnafiki, anakuchekea huku anakupimia pa kukuuma. Kumbe maskini yule mbwa alisema kweli tangu mwanzo, na asiyeelewa alikuwa yeye. Aliona haya, akaona na kichekesho, vyote kwa pamoja.

Alichukua wembe, akaanza kufumua vifungo kimoja kimoja. Kisha akauliza mbwa mwenye raha anakuwaje basi. Alidai anauliza kwa ajili ya mkia, ajue aushone vipi. Kitinda akamweleza, naye akadai anaeleza kwa ajili ya mkia. Mbwa mwenye raha mwili wake umelegea, mdomo umelegea, mkia unafagia na kiuno kinafuata. Mkia uliosimama mgumu, hata ukitikisika, si mwaliko. Mbwa wa mtu haguswi kabla ya kumwomba mwenyewe. Anayekula anaachwa ale, mwenye watoto anaachwa na watoto wake, na aliyelala hashtuliwi, kwa sababu anaweza kuuma kabla hajajua wewe ni nani. Na akikujia usiyemjua, usikimbie wala kupiga kelele. Simama kama nguzo, mikono ishikane mbele, macho kwenye vidole vya miguu, mpaka mbwa aondoke mwenyewe.

Kosa la Kitinda, kama ni kosa, ni kusahau anazungumza na nani. Bi Sindano alikuwa mtu wa vipimo. Ukimpa urefu wa mkono hakuongeza wala hakupunguza, na mtu akinenepa kati ya kupimwa na kuchukua nguo, hilo lilikuwa shauri lake. Maneno yale aliyachukua hivyohivyo, akayaweka kichwani kama anavyoweka vipimo vya bibi harusi.

Kitinda alipoondoka na mbwa wake, sasa akiwa na mdomo uliolegea na ulimi wa kitambaa chekundu, Bi Sindano alimgeukia Fundi Kisigino, akamwomba abweke.

"Nibweke mimi, mtu na heshima zangu?"

"Si nusu ya mbwa ni wako?"

Akabweka. Alikataa kutambaa, lakini alibweka akiwa kwenye kigoda chake, kiatu cha mtu mkononi, na alipoona anasikilizwa akaongeza na kunguruma. Bi Sindano alisimama katikati ya baraza, mikono mbele, macho kwenye vidole. Wapita njia walisimama kutazama, na mteja mmoja aliondoka na nguo zake bila kushonewa. Zoezi hilo lilirudiwa kila siku mchana. Hakuna aliyemwambia Kitinda.

Siku ya wageni ilipofika, Bi Sindano aliondoka nyumbani mapema na kufika kwa kuchelewa. Njia ilikuwa fupi, ila aliitembea mara kadhaa, kwenda na kurudi. Goti lilianza maneno yake. Alilijibu kwa sauti, barabarani, kwamba leo halina ruhusa ya kuzungumza. Kisha akafungua komeo, akaingia, akafunga geti nyuma yake kama mtu mstaarabu.

Wageni wote walikuwa mbali, mwisho wa uwanja, chini ya turubai. Mbwa walikuwa kwenye vyumba vyao vya waya. Wote isipokuwa mmoja. Bwana Mkubwa, mbwa mzee kuliko wote kituoni, hakuwa akifungiwa tena, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha, miguu ilikuwa ikielekea kwisha, na watu wote walikuwa rafiki zake. Aliinuka kwenye kivuli cha ukuta, akajivuta polepole hadi kwa mgeni.

Moyo wa Bi Sindano ulienda mbio peke yake, mwili ukabaki. Alisimama kama nguzo. Mikono ikashikana, macho yakashuka. Bwana Mkubwa akanusa viatu, akanusa pindo la gauni, akapandisha pua hadi kwenye mikono na kuiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Mdomo wake ulikuwa umelegea. Mkia ulifagia, na kiuno kikafuata. Halafu akashusha pumzi ndefu, akajilaza juu ya mguu wa kushoto wa Bi Sindano kwa uzito wake wote, akalala.

Hapo vipimo viligongana. Alikuwa ameambiwa asimame mpaka mbwa aondoke, na huyu hakuwa na nia ya kuondoka. Alikuwa ameambiwa pia kwamba mbwa aliyelala hashtuliwi. Kati ya maneno hayo mawili hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata uzi. Kwa hiyo aliendelea kusimama.

Baada ya kitambo alithubutu kuinua macho. Kule chini ya turubai mbwa wake wa kitambaa alikuwa juu ya meza, na watoto walikuwa wamepangwa mbele yake wakijifunza kukunja mikono. Daktari mzee alikuwa amekaa, funguo mapajani. Viti vyote vilikuwa na watu, isipokuwa kimoja cha mbele kabisa, ambacho juu yake kulikuwa na mkoba wa Kitinda. Mtu mmoja alikuja akitaka kukikalia, na Kitinda akamwonyesha kwa mkono kwamba kina mwenyewe.

Bi Sindano alielewa. Hakuombwa, lakini aliwekewa kiti. Pengine aliwekewa kila mwaka, na kila mwaka mkoba ndio uliokaa. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono ilitakiwa ishikane, hakuyafuta.

Mtoto mmoja mwenye macho mepesi ndiye aliyemwona. Akanyoosha kidole, akasema kwamba yule bibi kule naye anafanya zoezi. Watu wakageuka. Kitinda akageuka. Alikuja haraka, bila kukimbia, kwa sababu mbele ya mbwa hatukimbii.

"Mama. Umeingia."

"Nimeingia. Huyu anaondoka lini?"

"Huyu haondoki, ameshalala. Vuta mguu taratibu tu."

"Ulisema aliyelala hashtuliwi."

Kitinda alichuchumaa, akamwekea Bwana Mkubwa kiganja mgongoni, na mzee yule akakoroma.

"Na kwa nini anilalie mimi?" Bi Sindano aliuliza. "Hanijui."

"Anakujua. Kila godoro analolalia lina harufu ya mikono yako. Miaka yote hii amekuwa akilala kwako, Mama. Wewe tu ndiye uliyekuwa huji."

Hakulisema kwa ukali, lakini lilikuwa limekaa muda mrefu, na lilipotoka wote wawili walilisikia.

"Basi nimekuja," alisema Bi Sindano.

Kitinda akarudi chini ya turubai. Aliporudi alikuwa amebeba kile kiti cha mbele, akakiingiza nyuma ya mama yake kwa upole, naye akakaa bila kuusogeza mguu. Kisha Kitinda akamwendea daktari mzee, akamnong'oneza. Mzee alitazama getini, akacheka, akajiinua kwa fimbo yake. Nyuma yake kila mtu akabeba kiti chake, na mwenye bucha akambeba mbwa wa kitambaa kifuani, wakavuka uwanja wote na kuja kujipanga mbele ya geti, kimyakimya, watoto wakikumbushana kwamba kuna mtu amelala.

Funguo zilikabidhiwa hapo. Hotuba ilisemwa kwa sauti ya chini, na makofi hayakupigwa, watu walipunga mikono tu. Bi Sindano alipunga yake yote miwili. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kitambo, lakini hakumwambia mtu.