Mstari wa Ukame Ngaremara

Abdihakim, mfanyabiashara wa mifugo, alikuja Ngaremara mbuzi wakiwa bado na nyama, akataka kununua kundi zima la Nakal, mfugaji wa hapo. Nakal alikataa. Huqa, afisa wa shirika la misaada, alikuwa amewaambia wafugaji mkutanoni kwamba safari hii hawatangoja mifugo ife. Setilaiti ingepima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya mstari uliowekwa, pesa zingetoka zenyewe na nyasi kavu kuletwa kwa lori, bila mtu kuomba wala mkubwa kubembelezwa.

Ukijani haukushuka vya kutosha. Mvua ilipita upande wa Kinna, mbali kabisa, na kwa kuwa eneo lote lilipimwa pamoja, hesabu ikabaki juu kidogo ya mstari. Ngaremara halikudondoka hata tone. Nakal alikata matawi ya migunga mpaka yakaisha, kisha akawalisha mbuzi maboksi ya katoni. Walianguka, akawainua kwa mkia, wakaanguka tena. Abdihakim alipopita mara ya pili alitazama tu, akaenda zake.

Huqa aliporudi, Nakal hakuitikia salamu yake. Alimshika mkono wa shati akampeleka nyuma ya boma, kwenye mizoga. Huqa akaziba pua.

"Toa mkono," Nakal alimwambia. "Nusa."

Huqa akautoa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mstari uliwekwa Nairobi kabla ya msimu na hakuna anayeweza kuusogeza, hata yeye.

"Mimi sijui Nairobi. Nilikataa kuuza kwa sababu ya mdomo wako, Huqa. Si ya setilaiti."

Habari ya eneo zima kupimwa pamoja Huqa alikuwa anaijua tangu mwanzo. Hakuitaja mkutanoni kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi.

Baadaye hesabu ilishuka, na lori likaja limejaa marobota ya nyasi. Wageni wa shirika walipiga picha. Nakal alisimama mbele ya boma lake tupu akamzuia dereva kushusha. Majirani walimsihi achukue, auze. Akasema akipokea, itaandikwa kwamba alisaidiwa. Fungu lake likaenda kwa Apua, jirani aliyebakiwa na ng'ombe mmoja.

Kabla ya msimu mwingine Huqa aliitisha mkutano, na safari hii akasema yote. Nakal akakataa kutia alama ya kidole kwenye karatasi za mpango mpaka Ngaremara ipimwe peke yake. Wanawake wengi wakasimama naye, na wino ukakaukia kidauni. Huqa akaahidi kulifikisha neno hilo Nairobi.

"Lifikishe," Nakal alisema. "Lakini usituahidi kitu."

Jibu halijaja. Nakal anachoma makaa sasa, anauza kando ya barabara kuu. Gari la shirika likisimama kununua, anawaambia waliomo waendelee mbele.