Kaka Yangu Hakushika Mpira

Nasinzia mchana kweupe, kalamu mkononi, chini ya turubai la matanga, na mjomba Mwakio bado ananiuliza, Mghoi, wasifu umeisha? Kesho tunamzika kaka yangu Mwandoe, mimi ndiye nitakayesoma, na nimekwama kwenye mstari mmoja: alicheza nini huko Marekani? Miaka minne chuoni, mpira wao ule wa kofia ngumu, na kila video aliyotuma tuliitazama ukoo mzima tukingoja aushike, wala hakuushika hata mara moja. Wanamnyima kwa kuwa ni mgeni, shangazi alikuwa akisema. Kope zinashuka, kiti cha plastiki kinazama ardhini, na niko kwenye barabara ya nyasi iliyochorwa mistari myeupe yenye namba, kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, kisha arobaini tena, thelathini, ishirini, kumi, halafu mji wa majukwaa matupu, na nyuma ya mji barabara ileile, na mji uleule uliogeuzwa kama kwenye kioo. Naupita mara tatu. Nyasi zimelowa, viatu vinanibana. Mwamuzi mwenye shati la milia, asiye na uso, anatembea kando yangu. Kaka yangu alicheza nini? namuuliza. Afunguaye mlango hapiti, anasema. Sikuuliza mlango, bwana, nauliza kazi yake. Apitaye hamwoni aliyefungua. Hivi huku hakuna mtu anayejibu swali? Anatupa kitambaa cha njano miguuni pangu: kosa, rudi nyuma yadi tano. Narudi nikisonya. Ndipo wanakuja, safu nzima ya watu wakubwa wenye kofia, ndani ya kofia hamna kitu, wananikimbilia mimi, na mbele yangu unatokea mgongo mpana wenye namba sabini na mbili. Naujua mgongo huo. Ndio uliokuwa ukinitangulia asubuhi kwenda shule, ukisukuma majani marefu, ukitoa umande ili sketi yangu ya shule isilowe, na yeye akifika darasani kaptura inachuruzika. Kaa nyuma yangu, Mghoi. Wewe, shika mpira basi, watu tumekungoja miaka minne! Anacheka, ameshapanua mikono. Sasa nikiushika, hawa nani atakuzuilia? Wanamwangukia wote. Katikati yao panafunguka njia, napita, nageuka kumwita, naona mji tu, umegeuzwa. Mghoi! Mjomba ananitikisa bega, amechukua karatasi, anasoma mstari ambao sikumbuki kuuandika, ingawa mwandiko ni wangu: kazi yake ilikuwa kutoa umande. Umande gani, mwanangu? Watu watauliza alicheza nini. Na mpira je, aliwahi kuushika? Jua linachoma turubai, mvua haijanyesha tangu mwezi uliopita, na viatu vyangu vimelowa chepechepe, vina vipande vya nyasi. Tazama sketi yangu, mjomba, namwambia. Ishike. Ni kavu.