Shimo la Babu Ndekirwa

Niliota usiku wa jana nimesimama kihambani kwetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba, nikiangalia shimo dogo lililo kando ya kaburi la Baba.

Shimo hilo si la ndotoni. Baba mwenyewe aliagiza lichimbwe. Babu yake, Ndekirwa, alinyongwa na Wajerumani, na kichwa chake wakakisafirisha kwao kwenda kukipima. Zamani kwetu mtu alizikwa kihambani, na baada ya muda fuvu lake likatolewa na kuwekwa chini ya masale, mimea yetu ya heshima. Ndekirwa alizikwa bila kichwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumtoa. Baba alimngoja maisha yake yote. "Nikifa msilifukie," alituambia. "Mwacheni apate pa kuingilia." Lakini kaka yangu Elifuraha alikwisha kusema kwamba Jumamosi, yaani leo, atalifukia apande mgomba.

Basi ndotoni nachuma jani la isale mpakani mwa kihamba. Kwetu ukimpelekea mtu isale hawezi kukukatalia, hata kama ulimchomea nyumba. Ninapoinua uso, migomba imekuwa makabati. Nipo Ujerumani. Hakuna aliyeniuliza pasipoti.

Mezani amekaa bwana mwenye koti jeupe. Mbele yake rula inatembea yenyewe juu ya ramani ikichora mstari. Inapanda mlima, inashuka, inapita katikati ya nyumba.

"Mbona umekata jiko la watu?" naiuliza.

"Mimi ni rula," inajibu. "Kona sikufundishwa."

Naona ina haki. Namwambia bwana kwamba nimemfuata babu, kisha nampa isale kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, nikingoja akubali.

Analigeuzageuza. Analinusa. Analifungia kikaratasi kwa uzi na kukiandika namba.

"Jani," anasema. "Afrika Mashariki. Asante sana." Analitia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

"Hilo ni la kuombea," namwambia.

"Liko salama. Tunawahifadhia."

"Hadi lini?"

"Hilo halina droo."

Ndani ya kabati mtu anakohoa. "Nani huyo anayenukia moshi wa kwetu?"

Nafungua. Ni fuvu, limefungwa kikaratasi tayani: 1187. Najitambulisha. "Mimi Ndeshi, kitukuu wako."

"Sogea nikuone. Hawa wamenipima mara tatu. Kila mara nina ukubwa uleule, na kila mara wanasikitika."

"Walikuwa wanatafuta nini, babu?"

"Niliwauliza. Wakaandika kwamba sisemi." Anafikiri kidogo. "Yule ng'ombe wangu mweusi, alizaa?"

"Sijui, babu. Imepita miaka mia na zaidi."

"Basi atakuwa amezaa."

Namwomba bwana nimchukue. Anafungua kitabu cha sheria na kunisomea taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Kila kabati lazima liwe na kichwa. Kikitoka kimoja, kinaingia kingine. Hapohapo futi ya kupimia inashuka mezani yenyewe na kunizunguka paji la uso.

"Kizuri," inasema. "Kinaingia bila kusukuma."

"Ndeshi," babu ananiita, "kwani umekuja kunichukua au umekuja kukaa?"

Nambeba na kukimbilia mlangoni. Umefungwa. Napapasa mkono wa gauni langu na kukuta kipande cha isale kilichochanika nilipokuwa nachuma. Kipande kidogo, hakizidi kidole. Nampa nani? Bwana nimeshamjaribu. Nautazama mlango. Mbao zake nazifahamu.

"Wewe ni mti gani?"

"Mringaringa," mlango unajibu. "Wa mlimani kwenu. Walinikata mwaka uleule waliomchukua huyo."

Nachomeka isale kwenye tundu la ufunguo.

"Mlango huo ni mali yetu," bwana anasema bila kuinuka. "Hauruhusiwi kufunguka."

"Nimeletewa isale," mlango unamwambia. "Sasa mimi nifanyeje?"

Unafunguka. Nje ni kihambani, mvua nyepesi inanyesha. Babu mikononi mwangu ni mwepesi kama kibuyu.

"Shimo langu ni lipi?"

"Hilo, kando ya mjukuu wako. Baba yangu."

"Alikuwa mrefu?"

"Kiasi."

"Aliningoja?"

"Hadi Jumatano ya tatu ya mwezi uliopita."

Napiga magoti na kuanza kuvuta udongo kwa viganja.

Nikaamka kwa sauti ya kaka yangu huko nje.

"Wewe Ndeshi! Mtu natoka kwangu na jembe asubuhi yote hii, kumbe kazi imeshafanywa! Nani kafukia shimo?"

Nikatoka na kanga niliyolalia. Shimo lilikuwa limejaa. Udongo ulikuwa mbichi, umesawazishwa kwa viganja. Elifuraha alikuwa amesimama juu yake, na pembeni mwa buti lake palichungulia kikaratasi chenye uzi, kimeandikwa kwa wino wa kahawia. Nilisoma tarakimu tatu za mwisho: 187. Ya kwanza alikuwa ameikanyaga.

"Si nakuuliza wewe?"

"Ondoa mguu, kaka," nikamwambia. "Umemkanyaga babu."