Dakika Mbili za Metrine
Asubuhi hiyo Metrine alikuwa akipiga pasi shuka la nne la madam pale mwalimu Onesmus alipompigia simu kutoka kwao Kenya. Saa za Riyadh na za nyumbani ni zile zile, na kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kilikuwa kimeshapamba moto. Pendekezo lilikuwa kukinyima chuo cha ufundi cha kijijini fungu la mwaka ujao na kufunga idara ya ushonaji. Bintiye Lydia alikuwa amebakiza mwaka mmoja pale apate cheti. Metrine aliapa zamani kwamba mtoto huyo hatakuja kuwapigia watu pasi kama yeye huku Al-Malqa, mtaa wa Riyadh.

"Mama Lydia, nimeweka simu karibu na maikrofoni. Uko na dakika mbili."

Kanisani kwao mtu haombi kabla ya kushukuru, na Metrine alikuwa na mengi ya kushukuru.

"Bwana asifiwe! Kwanza namshukuru Mungu. Waheshimiwa, nawashukuru. Chifu wetu, asante. Mwalimu Onesmus, ulinipokea kwa hicho chuo sijui hata kutunga uzi kwa sindano, na hukunifukuza nikikosa karo. Mungu akubariki. Serikali ya kaunti, asanteni kwa chuo, mimi ndio matunda yake..."

Watu walipiga makofi, naye akazidi kushukuru. Sauti ya madam ikashuka kutoka ghorofani, ikidai kahawa haraka: "Metrine! Yalla, gahawa!"

"Nakuja, madam! Sasa, ombi langu ni..."

"Muda umeisha," akasema karani wa kikao. "Tunashukuru sana, mama wa Saudia."

Alasiri mwalimu alimtumia picha ya ripoti. Mbele ya jina lake waliandika: Anaishukuru serikali. Anaunga mkono pendekezo.

Metrine alicheka, kisha machozi yakamtoka. Ndiyo serikali yetu hiyo: ukiishukuru kwa chakula cha jana, inakunyang'anya cha leo. Akaomba namba ya karani, akampigia.

"Toa jina langu hapo."

"Lakini mama, si ulisema asante?"

"Nilisema asante ya kujenga. Ya kubomoa sijasema."

"Basi andika barua. Tunafunga kupokea maoni saa kumi."

Zilibaki dakika ishirini. Aliacha mashati ya bosi yakiwa na mikunjo, akasimama kando ya meza ya pasi akiandika kwenye simu. *Mimi Metrine, mzazi na mwanafunzi wa zamani, sikubali idara ya ushonaji ifungwe. Rudisheni fungu la chuo.* Hakumsalimu mtu wala kumtaja mheshimiwa yeyote. Akatuma.

Kisha akamwandikia mwalimu Onesmus peke yake, shukrani ndefu isiyo na haraka, mpaka madam akaja mlangoni kuuliza mashati yako wapi.

Saa kumi na dakika tano karani alijibu: *Tumepokea. Ripoti ilishapelekwa bunge la kaunti asubuhi, mara tu baada ya kikao.*