Kipimo cha Mwezi wa Sita

Leo ndiyo leo. Fundi viatu alikishika kile kimashine cha kupima pumzi kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaibana mpaka macho yakamtoka, akapuliza. Miezi sita ya utafiti wa dawa ya kuacha sigara, kidonge asubuhi na jioni, wala sigara hakugusa. Mkewe, dobi, alikuja kuwa shahidi wa nyumbani, maana utafiti ule ulitaka mtu wa kusaini kwamba mgonjwa kweli ameacha. Huko nyuma fundi alishamdanganya mara tatu kwamba ameacha, mchana kweupe. Safari hii mkewe alimwambia wazi: ukirudia, nahamia kwa kaka yangu.

Namba ikapanda mpaka kumi na tisa. Aliyeacha havuki sita.

"Umevuta," mkewe alisema taratibu, akairudisha kalamu mezani.

"Haki ya Mungu sijavuta, mama watoto."

Alisema kweli, masikini, lakini kweli yenyewe ilisikika kama zile porojo zake za zamani. Jasho lilimchuruzika.

Muuguzi wa utafiti, mama asiyependa kubabaishwa, aliwaangalia wote wawili, akauliza walikuwa wakifanya nini tangu asubuhi.

"Kupiga pasi," alijibu dobi. "Umeme hakuna, mvua inapiga, tukafunga madirisha. Pasi mbili za mkaa. Yeye alinisaidia."

"Wewe umewahi kuvuta, dada?"

"Mimi? Hata kwa bahati mbaya."

"Hebu puliza."

Dobi akapuliza, kanuna. Ishirini na mbili.

Muuguzi karibu aruke kitini. "Hiki kinapima sumu ya moshi tu, hakijui kama ni wa mkaa au wa sigara. Na nyie fungueni madirisha, mtakuja kufa." Akachukua mate ya fundi, akayaweka kwenye kikaratasi kinachotambua tumbaku. Dakika kumi. Fundi alishindwa kukaa. Alizunguka chumba mpaka akaambiwa anatia kizunguzungu.

Kikaratasi kikatoka safi. Hamna tumbaku hata chembe.

Fundi alitaka kucheka, kikatoka kilio, na furaha aliyokuwa nayo wala hakujua aiweke wapi. Mkewe alisaini kwa herufi kubwa, kisha akabaki anaangalia sakafu.

"Sanduku langu nimeshalifunga tangu jana," alisema. "Kabla hata hujapuliza. Twende ukanisaidie kulifungua."